Basi Lililopimwa na Abiria Wake

Mafundi wa gereji ya Kilole mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi, nami sijawahi kukataa ninapoombwa kujieleza. Vyeo sitavitaja, mshahara nao sitautaja. Sijaona gari lililopona kwa sababu ya cheo cha mtu aliyelala chini yake. Nitasema habari za springi, kwa kuwa hizo nilizijua kuliko fundi mwingine yeyote kati ya Korogwe na Handeni. Asiyesadiki aulize, maana wapo madereva wazee ambao bado wana pumzi ya kujibu.

Nilizaliwa Misima, nyumba ya mkulima wa mahindi na muhogo. Sikuwa na mjomba ofisini wala shangazi aliyeolewa na mkubwa. Darasa lilipokwisha nilikwenda kwa miguu hadi Ngombezi, nikaandikwa kazi ya kupaka grisi kwenye mashine za kusindika mkonge. Nilipaka miaka minne. Ukipaka grisi miaka minne, sikio lako linajifunza kutofautisha chuma kinacholalamika na chuma kinachozungumza tu. Usiku nilisoma kwa taa ya kibatari mpaka nikafaulu mitihani ambayo wenye madawati walishindwa. Uhuru ulipokuja, zikatangazwa nafasi za kusoma ng'ambo. Niliandika barua mwenyewe, nikaipeleka posta mwenyewe, na jibu likaja kwa jina langu.

Nilikaa Ujerumani Mashariki miaka mitatu. Nikarudi na stashahada ya ufundi wa magari makubwa, koti zito la baridi, sanduku la spana zinazong'aa kama vijiko vya harusi, na kitabu kimoja kinene cha vipimo. Misima nzima haikuwa na stashahada nyingine. Mama aliiweka ndani ya kanga, akaionyesha kwa majirani mmoja mmoja, akiwakataza kuigusa.

Siku ya kwanza kazini niliripoti nimevaa koti lile. Najua jua la Korogwe. Nililivaa hivyo hivyo. Ushirika wa mabasi ulikuwa na gereji ya mabati hapa hapa Kilole, na ndani yake mlikuwa na basi moja lililoinuliwa kwa jeki. Chini ya basi ilionekana miguu miwili iliyovaa makubadhi ya tairi.

"Shikamoo, mzee," niliiambia ile miguu.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Ulaya?"

"Ndiye mimi."

"Una spana?"

"Ninazo sanduku zima."

"Nipe moja ya bolti hii."

Nikachungulia, nikakadiria, nikampa. Akaijaribu. Akairudisha. Nikampa nyingine, nayo ikarudi. Ya tatu ikateleza, akajigonga kidole. Basi lile lilikuwa la Kiingereza, bolti zake zote za inchi. Spana zangu zote zilikuwa za milimita. Nilikuwa nimevuka bahari na kilo kumi na mbili za chuma kisichofungua kitu chochote Korogwe.

Ile miguu ikatoka, na mwenyewe akaifuata. Huyo ndiye Mzee Mbelwa, Msambaa mwembamba aliyejifunza ufundi kwa kutengeneza malori ya mashamba ya mkonge tangu enzi za wakoloni. Alilitazama sanduku langu kwa heshima ya kweli.

"Vizuri sana," akasema. "Hizi tutaziweka ukutani, wageni wakija wazione. Sasa vua hilo blanketi, mwanangu, uje ushike hapa."

Kwa makaratasi mimi nilikuwa juu yake. Kwa shikamoo yeye alikuwa juu yangu. Tulifanya kazi miaka mingi katika mpangilio huo, na haukumsumbua hata mmoja wetu, isipokuwa zile wiki mbili ambazo ndizo nataka kuzieleza.

Basi nililolikuta juu ya jeki ndilo peke yake lililokwenda Handeni kupitia Misima. Abiria waliliita Mkwe. Likiwa tupu lilisimama limelala kidogo upande wa kulia, kama mtu aliyekutana na mama mkwe njiani akageuza uso. Upande wa kushoto, nyuma, ulikuwa juu kwa vidole viwili kamili. Nilipoona hivyo nilicheka kimoyomoyo. Nilisema, kumbe hii ndiyo kazi iliyonileta.

Kwa wale walioanza ufundi juzi, wakati magari yameshaanza kukaa juu ya mifuko ya hewa, niseme springi za basi la zamani zilivyo. Ni majani ya chuma yaliyopangwa, refu juu, fupi chini, yakashikwa katikati na senta bolti, kisha yakabanwa kwenye ekseli kwa bolti mbili zilizopinda kama mkono wa kikapu. Jani la juu kabisa ndilo lenye macho mawili ya kuning'inia kwenye fremu. Hilo likivunjika umekwisha. Mengine yakivunjika unaweza kufika nyumbani ukiomba Mungu. Gari linapopanda na kushuka majani yanasuguana, ndiyo maana yanataka grisi nyeusi kati yao. Yasipopata yanalia kama mlango wa zizi. Na jani lililovunjika haliungwi kwa moto. Aliyewahi kuniletea springi iliyoungwa kwa moto anajua nilivyomjibu, na watoto wake wanajua pia.

Mzee Mbelwa hakuwa na kitabu. Alikuwa na kamba ya mkonge yenye mafundo matatu. Siku ya gulio, Mkwe likiwa stendi limeshajaa watu na mizigo, alikuwa akiinama kila gurudumu, anaining'iniza kamba kutoka kwenye fremu mpaka kwenye ekseli, anatazama fundo limefika wapi. Kisha anasimama, anamwambia Rajabu, dereva wetu, "Nenda." Siku nyingine anasema, "Nenda polepole, halafu urudi kwangu." Hakupima gari tupu hata siku moja. Nilimwuliza kwa nini.

"Gari tupu haliendi mahali," akasema.

Nililiandika jibu hilo katika daftari langu chini ya kichwa cha habari: Mambo ya kurekebisha.

Miezi michache baadaye ikaja barua kutoka mkoani. Mkaguzi wa magari angefika baada ya wiki mbili. Siku hizo vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, na barua ilisema wazi kuwa basi litakaloshindwa ukaguzi litaondolewa barabarani na kufunguliwa, vipuri vyake viende kwa mabasi mazima. Hapakuwa na basi jingine la kupeleka njia ya Misima. Mkwe likiondoka, wagonjwa wangerudi kubebwa kwa machela hadi hospitali, na mahindi yangerudi vichwani mwa akina mama. Mmoja wa akina mama hao alikuwa wangu.

Niliitisha mkutano wa gereji. Nikasema mkaguzi akiliona basi limelala upande kwenye uwanja wazi, hatakuwa na haja ya kulikagua. Nikafungua kitabu, nikawaonyesha jedwali: kutoka fremu hadi ekseli, kulia na kushoto, kipimo kimoja. Nikaagiza springi ya kushoto ishushwe. Ndani yake nikakuta jani moja la ziada na kipande cha chuma cha nusu inchi chini yake. Nikavitoa vyote viwili, nikaviweka mezani mbele ya Mzee Mbelwa kama daktari anayemwonyesha mgonjwa jino.

"Hivi vilitoka wapi?"

"Mimi nilivitia."

"Kitabuni havimo."

"Hicho kitabu," akauliza taratibu, "kimepanda basi hili?"

Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka. Nilifunga springi mwenyewe, kwa spana za kuazima, nikapima kwa rula ya chuma. Mkwe likashuka kwenye jeki likasimama wima kama askari wa gwaride. Nilizunguka mara tatu kulitazama. Mpaka leo nasema, kwa macho, ile ilikuwa kazi nzuri kupita zote zilizowahi kufanywa katika gereji ile.

Kesho yake ilikuwa gulio, nikapanda mimi mwenyewe, nimesimama karibu na dereva ili nionekane.

Lazima niwaeleze watu wa njia ile walivyokuwa wakikaa, maana siri yote iko hapo. Mlango wa basi ulikuwa kushoto. Ngazi ya kupanda juu ya paa nayo ilikuwa nyuma, kona ya kushoto. Kila mwenye gunia alitaka gunia lake likae karibu na ngazi, lisije likachelewa kushuka, kwa hiyo paa lilijaa kushoto, na upande wa kulia mkabaki uwazi wa kuweza kulaza ng'ombe. Ndani, akina mama wenye vyungu, kuku na watoto mgongoni walikaa kushoto karibu na mlango, ili wasivipitishe vyungu juu ya vichwa vya watu. Wafugaji wa Kimasai hawakukaa kabisa. Walisimama mlangoni na fimbo zao, kwa kuwa wao hawashukii kituoni, wanashukia pale wanapomwona ng'ombe wao. Na upande wa kulia, dirishani, walikaa wazee. Hiyo ilikuwa adabu, mzee anapewa kiti ambacho hakuna wa kumkanyaga. Na wazee wetu wa Kizigua wa wakati ule, Mungu awarehemu, mzee mmoja mzima pamoja na kofia, bakora na heshima zake hakufikia uzito wa chungu.

Tulipotoka stendi niliona Rajabu anauvuta usukani kulia.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Linataka kwenda shambani," akasema.

Tukaenda. Kila bonde, basi lilizidi kulalia kushoto. Abiria wa kulia wakaanza kushika viti vya mbele yao. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kabla ya Misima, penye makorongo, ukatoka mlio mmoja mrefu chini ya sakafu, na moshi ukapanda kati ya vyungu. Rajabu akasimamisha. Bodi lilikuwa limekaa juu ya tairi la nyuma la kushoto, limelichana ubavu mzima. Tairi jipya la kubadili hatukuwa nalo, na hata tungekuwa nalo lingechanika vilevile.

Abiria wakashuka. Bi Mwantumu, mama mfinyanzi aliyepanda na vyungu kila gulio na kunifahamu tangu natambaa, akalizunguka basi, akalitazama, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "huko Ulaya ulikwenda kusoma kutengeneza magari au kuyalaza?"

"Ni jambo la muda, bibi."

"Basi lilipokuwa limepinda lilitufikisha. Leo limenyooka, twatembea." Akajitwika vyungu viwili. "Haya, msomi, chukua hicho cha tatu."

Nilikibeba. Niliingia Misima kijijini kwangu kwa miguu, na chungu kichwani, mbele ya msafara wa watu arobaini, nao walitaja stashahada yangu njia nzima. Mfugaji mmoja, ambaye hakuwa amesema neno tangu Korogwe, aliniuliza kwa upole kama kule nilikosoma watu hukaa ndani ya mabasi au huyatazama tu.

Tulikaa Misima siku mbili mpaka lori la ushirika likatuletea tairi, tukarudisha basi likiwa tupu. Usiku wa kwanza nilikifungua kitabu kwa mama, kwenye lile jedwali. Juu yake ulikuwepo mstari mmoja mdogo wa Kijerumani ambao nilikuwa nimeuruka kama watu wanavyoruka maneno ya mwanzo wa barua. Ulisema: vipimo hivi vichukuliwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Niliusoma mara nyingi, nikitumaini utabadilika. Kitabu na Mzee Mbelwa walikuwa wakisema neno moja. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na maoni tofauti.

Niliporudi gereji zilikuwa zimebaki siku nne. Nilimkuta Mzee Mbelwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia umefika nyumbani salama."

"Mzee, nilikosea. Kitabu kinasema kama wewe."

Akamaliza chai yake yote. Akakisuuza kikombe. Hapo ndipo aliposema, "Basi hicho ni kitabu kizuri. Lete jeki."

Hakunitajia tena jambo lile, siku ile wala nyingine. Hiyo ndiyo sababu nimeamua kulitaja mwenyewe.

Zile siku nne alinifundisha mengi kuliko miaka mitatu ya theluji. Alinifundisha kulipiga jani la springi kwa nyundo likiwa baridi, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka lipate upinde wake tena, na kuusikiliza mlio, maana jani zima linaimba na lenye ufa linakohoa. Alinifundisha kuwa bolti za kwenye macho ya springi hazikazwi gari likiwa hewani. Unazifunga kwa mkono tu, unalishusha gari, unalipa uzito wake, ndipo unakaza. Ukizikaza hewani unazisokota bushi zake, vile vipande vya mpira vilivyomo ndani ya macho, kabla hata ya safari kuanza. Na zile bolti zilizopinda hukazwa mara mbili: leo, na tena baada ya safari ya kwanza, majani yakishakaliana. Fundi asiyerudi kukaza mara ya pili, Mzee Mbelwa alimwita fundi wa nusu siku. Nimewafukuza wawili kwa kosa hilo. Mmoja sasa ana gereji yake, na anakaza mara mbili.

Tukarudisha jani la ziada na kile kipande cha chuma. Mkwe likashuka kwenye jeki, likageuza uso wake kulia kama zamani. Nililitazama nikajua kwamba sasa tatizo letu limebaki moja tu, nalo lilikuwa linakuja na garimoshi la Tanga.

Mkaguzi alifika siku ya gulio. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilifurahi kwa dakika moja, kwa kuwa nilidhani msomi na msomi wataelewana. Akasimama mbele ya Mkwe uwanjani stendi, likiwa tupu.

"Ndugu Fundi, basi hili limelala."

"Ndiyo, ndugu. Limelala kwa makusudi."

"Sijapata kuona ulemavu wa makusudi."

Nikafungua kitabu, nikamwonyesha ule mstari. Akautazama. "Mimi sisomi Kijerumani."

"Nitakusomea."

"Utanisomea unachotaka wewe." Akachomoa kalamu ya kwanza. Nikaiona karatasi yenyewe, ile ya kuliondoa basi barabarani. Alikuwa ameshaandika namba ya basi, amebakiza sababu. Nilijikuta sina neno. Kwa wanaonijua, hilo peke yake lingetosha kuwa habari.

Mzee Mbelwa akasogea. "Mheshimiwa, umekuja kukagua basi la abiria. Abiria hawa hapa wanangoja. Waingie, ulikague."

Mkaguzi akafikiri. Akairudisha kalamu. "Waingie. Dakika kumi."

Nikawatangazia watu wapande na mizigo yao, kuna mgeni wa serikali anataka kulipima basi, na lisipofuzu leo ndiyo mwisho wa basi la Misima. Nilidhani nimesema vizuri. Nilikuwa nimefanya kosa la pili.

Watu waliposikia mgeni wa serikali, adabu ikawaingia. Akina mama wakasema si vizuri vyungu na kuku kumpokea mgeni mlangoni, wakaenda kukaa kulia, kwa unyenyekevu, wakabanana. Wazee wakainuka wakahamia kushoto karibu na mlango, ili wawe wa kwanza kumsalimu. Wamasai wakakaa vitini. Sijawahi kuwaona wamekaa, kabla wala baada. Na wapakiaji wa juu, kwa heshima hiyo hiyo, wakayasukuma magunia yote kulia yasimwangukie mkubwa. Mkwe likaguna, likalalia kulia mpaka ngazi ikatazama mbingu.

Mkaguzi akapima kwa rula yake. Akaitoa tena kalamu.

"Bado, ndugu, bado kidogo," nikasema, nikarukia mlangoni. "Jamani, kaeni mnavyokaa siku zote."

Hakuna aliyesogea.

"Bi Mwantumu, wewe hukai hapo."

"Leo kuna mgeni."

"Nenda kwenye kiti chako, bibi."

"Nimwache mgeni wa watu apitie juu ya kuku? Mama yako alikulea vipi?"

"Bibi, akiandika kwenye ile karatasi, vyungu utavibeba kichwani mpaka utakapokufa."

"Una ulimi mchafu," akasema, ila akanyanyuka. Hakurudi kwenye kiti. Alitoka nje kabisa, akamwendea mkaguzi. Mimi nikafumba macho.

"Baba," akamwambia, "huyu mtoto wetu anataka tukae ovyo mbele yako. Utatusamehe?"

Mkaguzi akamtazama yeye, kisha akautazama mlango uliojaa wazee wenye kofia safi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kikitokea, kwa kuwa kona ya mdomo wake ilisogea.

"Kaeni mnavyokaa, mama. Mimi sipo."

"Hayupo," Bi Mwantumu akawatangazia wenzake.

Ikawa fujo moja tamu. Vyungu vikavuka kurudi kushoto, kuku wakalia, wazee wakasindikizwa madirishani kwao mmoja mmoja, Wamasai wakasimama mlangoni kwa furaha ya wazi. Juu ya paa kila mtu akaligombea gunia lake likae karibu na ngazi. Nikaliona Mkwe linainuka kulia, polepole, kama mtu anayenyanyuka kutoka kwenye mkeka, mpaka likasimama sawa. Mkaguzi akapima kulia. Akapima kushoto. Akarudia kulia. Mzee Mbelwa hakupima. Kamba yake ilikuwa mfukoni. Yeye alimtazama mkaguzi tu.

"Ni sawa," mkaguzi akasema. "Lakini hili limesimama. Mimi natakiwa kujua likiwa linakwenda. Shukeni, tutalijaribu hapa uwanjani."

Hapo wakakataa. Mzee mmoja wa dirishani akasema yeye ameshakaa mara mbili leo na hatakaa ya tatu. Mfugaji mmoja akauliza, wakishuka si itabidi waanze tena kumwonyesha adabu? Na Bi Mwantumu akasema, "Mmetupakia wenyewe. Tupelekeni."

Rajabu, ambaye siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, akawasha injini.

Mkaguzi akapanda. Hakupata kiti. Alisimama kushoto, kati ya chungu na fimbo, na Mzee Mbelwa nyuma yake, na mimi nyuma ya Mzee Mbelwa, tukavuka mto tukashika njia ya Handeni. Nilisikiliza kwa sikio langu la Ngombezi. Majani yalizungumza, hayakulalamika. Tulipoyakaribia makorongo yale ya safari iliyopita, mkaguzi aliomba dirisha lifunguliwe, akatoa kichwa nje, akautazama ule uwazi juu ya tairi. Basi likazama kwenye korongo, likainuka, likazama tena. Uwazi ukapungua mpaka ukawa vidole vitatu, ukarudi. Hapakuwa na mlio wala harufu. Mkaguzi akarudisha kichwa chake ndani, kimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

Akatoa karatasi nyingine. Akaiweka juu ya mfuniko wa chungu cha Bi Mwantumu, akaandika basi likiwa linaruka. Maandishi yake yalipanda na kushuka kama njia yenyewe.

"Limepita?" Bi Mwantumu akauliza.

"Limepita, mama. Litaendelea na njia yake."

Habari ilikwenda nyuma ya basi na kurudi mbele. Watu hawakupiga vigelegele, walianza tu kulaumiana ni nani aliyeharibu pale mwanzo kwa kukaa kulia.

Misima wakashuka nusu ya abiria, na vyungu, na magunia ya kushoto. Sisi tukashuka kukaza bolti mara ya pili. Mkaguzi akashuka naye, akajinyoosha, akageuka. Mkwe lilikuwa limeshageuza uso kulia, kwa vidole viwili, mbele ya mama yangu na kijiji kizima. Akalitazama kwa muda. Nikaogopa upya. Akaniomba ile karatasi aliyonipa ndani ya basi, nikampa. Akaikunjua juu ya goti, akaongeza mstari mmoja chini ya sahihi yake, akanirudishia.

Mzee Mbelwa alikuwa amemaliza kukaza. Akafuta mikono, akauliza ameandika nini tena yule bwana, maana yeye miwani ameiacha Korogwe. Nikamsomea: "Basi hili lisipimwe bila abiria wake."

Akasimama na spana mkononi.

"Soma tena," akasema. "Taratibu."